Kubadilisha prosesa ya kompyuta ya mezani: mwongozo kamili kwa wenye ubao mama wa AM4

Kubadilisha prosesa ni kazi inayoweza kumalizika kwa saa moja ukiwa na bisibisi mkononi, lakini mafanikio yake huamuliwa kabla kasha halijafunguliwa. Hasara nyingi katika kazi hii hutokana na mambo mawili: kununua prosesa isiyokubaliwa na ubao mama, na kuchomeka prosesa mpya kabla ya kusasisha BIOS, yaani programu ya msingi ya ubao mama inayoiwasha kompyuta. Katika hali zote mbili skrini hubaki nyeusi, na mwenye kompyuta huamini kwamba ameuziwa kifaa kibovu ilhali kifaa ni kizima kabisa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye maandalizi.

Nitafuata mfano mmoja halisi tangu mwanzo hadi mwisho: kompyuta iliyounganishwa mwaka 2017 au 2018, yenye ubao mama wa soketi ya AM4 (tundu ambamo prosesa za AMD za miaka hiyo huchomekwa) wa aina ya A320, B350 au B450 na prosesa ya AMD Ryzen 3 1200, inayowekewa Ryzen 5 5600. Nimeuchagua mfano huu kwa kuwa ni miongoni mwa nafasi chache ambapo mtu hubadilisha kipande kimoja tu na kupata kompyuta yenye kasi kubwa zaidi bila kubadilisha ubao mama, RAM wala pawa saplai. Ryzen 3 1200 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na viini 4, kasi ya gigahezi 3.1 inayopanda hadi 3.4, na kumbukumbu ya ndani ya ngazi ya tatu ya megabaiti 8. Ryzen 5 5600 ilitoka mwaka 2022 ikiwa na viini 6 vinavyoweza kushughulikia mikondo 12 ya kazi kwa wakati mmoja, kasi ya gigahezi 3.5 inayopanda hadi 4.4, na kumbukumbu hiyo ya ndani ya megabaiti 32. Zote mbili zimepangiwa wati 65. Ya zamani imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14 na mpya kwa nanomita 7, na muundo wa viini vyenyewe umeboreshwa mara kadhaa katikati ya miaka hiyo. Ndiyo maana kwa kiwango kilekile cha wati prosesa mpya hufanya kazi nyingi zaidi, na kazi ndefu kama kuhariri video humalizika mapema na kuiacha kompyuta ipumzike.

Ipo sababu nyingine yenye uzito. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi Ryzen 3 1200. Ryzen 5 5600 imo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na ina ndani yake moduli ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mfumo huo unaidai.

Je, tatizo ni prosesa kweli?

Kabla ya kutoa fedha, fungua kompyuta yako, fanya kazi inayokuchosha kwa ucheleweshaji, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ijitokeze. Tazama ukurasa wa utendaji kwa dakika chache huku kazi ikiendelea. Ikiwa diski ndiyo inayosoma asilimia 100 ilhali prosesa iko chini ya nusu, basi unachohitaji ni SSD, na prosesa mpya haitakuondolea kero hiyo hata kidogo. Ikiwa RAM imejaa, ongeza RAM kwanza. Kompyuta yenye gigabaiti 4 itaendelea kujikokota hata ukiiwekea prosesa bora kuliko zote. Ni pale prosesa yenyewe inapogota asilimia 90 hadi 100 wakati diski na RAM zina nafasi ndipo badiliko hili linalipa. Kwa wachezaji wa michezo ya video ishara ni tofauti kidogo: kadi ya picha inapokuwa haifiki hata asilimia 70 ya uwezo wake huku mchezo ukikwamakwama, mara nyingi prosesa ndiyo inayoichelewesha.

Wenye kompyuta mpakato wataniwia radhi, kwa maana mwongozo huu hauwahusu. Karibu mpakato zote za miaka ya karibuni zina prosesa iliyochomelewa kwenye ubao, na kinachoweza kuboreshwa humo ni SSD na, katika baadhi, RAM.

Kuujua ubao mama wako

Jina kamili la ubao mama limechapishwa juu ya ubao wenyewe, lakini huna haja ya kufungua kasha ili kulisoma. Kwenye Windows andika msinfo32 katika sehemu ya kutafutia, na ukurasa utakaofunguka utaonyesha mtengenezaji wa ubao, jina la toleo, pamoja na namba na tarehe ya BIOS iliyopo. Andika vyote hivyo kwenye karatasi. Anayetumia Linux atapata taarifa hizohizo kwa amri ya sudo dmidecode.

Sasa nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao, iwe ni ASUS, MSI, Gigabyte au ASRock, utafute ukurasa wa ubao huo hasa, na ndani yake orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Mbele ya kila prosesa utaona toleo la BIOS ambalo ubao unapaswa kuwa nalo. Orodha hii ndiyo hati pekee ninayoiamini katika jambo hili. Maneno ya muuzaji kwamba soketi ni ileile hayatoshi, kwa kuwa soketi kufanana ni sharti la kwanza tu. Ubao lazima pia uwe na programu ya msingi inayoitambua prosesa hiyo. Ubao wa A320 na B350 uliuzwa miaka mitano kabla ya kupewa ruhusa ya kupokea familia ya Ryzen 5000, kwani AMD ilitangaza ruhusa hiyo mwaka 2022. Hivyo ubao ambao haujawahi kusasishwa tangu uliponunuliwa hautaiwasha Ryzen 5 5600.

Angalia pia jina kwa makini, herufi kwa herufi. Watengenezaji huuza mbao zenye majina yanayokaribiana sana, tofauti yake ikiwa ni herufi moja ya mwisho au namba ya marekebisho, na faili la BIOS la ubao mmoja halifai kwa mwingine.

Kuchagua prosesa

Hapa kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Ryzen 5 5600 haina uwezo wa kutoa picha yenyewe, kama ilivyokuwa Ryzen 3 1200, hivyo aliyekuwa na 1200 tayari ana kadi ya picha na hatapata shida. Lakini ikiwa kompyuta yako ina Ryzen 3 2200G au nyingine yenye herufi G, na skrini imechomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, ukiweka 5600 hutaona kitu chochote kwenye skrini. Mtu wa aina hiyo anunue Ryzen 5 5600G, ambayo inatoa picha yenyewe, akijua kwamba kumbukumbu yake ya ndani ni megabaiti 16, nusu ya ile ya 5600.

Wapo watakaoshawishika kununua Ryzen 7 5800X ya wati 105 kwa sababu tofauti ya bei wakati mwingine si kubwa. Kwa ubao wa A320 wa bei nafuu, ambao sehemu zake za kugawa umeme mara nyingi hazina hata kipande cha chuma cha kupozea, mimi sishauri. Prosesa ya wati 65 ndiyo inayolingana na ubao huo, na feni ya kawaida ya AMD inatosha kuipoza.

Ukinunua prosesa iliyotumika, iwe Kariakoo, Moi Avenue ya Nairobi, au kwa ndugu anayekuletea kutoka Dubai, igeuze uitazame pini zake mbele ya mwanga. Prosesa za AM4 zina pini 1,331 nyembamba upande wa chini, na pini iliyolala huonekana unapotazama safu kwa ulalo, kwa kuwa huvunja mstari. Soma maandishi ya juu na kuhakikisha yanasema 5600 na si 5500, kwani 5500 ni prosesa tofauti yenye kumbukumbu ndogo ya ndani. Uliza pia kama inakuja na kipoza joto chake, maana zile zinazouzwa bila boksi huja zenyewe tu. Kipoza joto cha Ryzen 3 1200, yaani Wraith Stealth, kinafaa pia kwa 5600, mradi feni yake inazunguka vizuri na vumbi limeondolewa katikati ya mapezi.

Kusasisha BIOS kabla ya kufungua chochote

Kazi hii hufanyika prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, kwa sababu ndiyo inayoweza kuwasha kompyuta na kusoma faili jipya. Mbao chache zina kitufe maalumu cha kusasisha BIOS bila prosesa, lakini nyingi za bei ya chini hazina.

Anza kwa kuhifadhi nakala ya mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Kisha angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker au kwa usimbaji wa kifaa ambao Windows huuwasha yenyewe kwenye baadhi ya kompyuta. Ikiwa imefungwa, hakikisha unao ufunguo wa kurejesha, ambao mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi, kisha usitishe kwa muda ulinzi huo kupitia mipangilio. Moduli ya TPM imo ndani ya prosesa, kwa hiyo prosesa ikiondoka siri zilizomo huondoka nayo, na asiye na ufunguo huo anaweza kufungiwa nje ya mafaili yake mwenyewe. Naliomba jambo hili lisirukwe na yeyote.

Pakua faili la BIOS lililotajwa kwenye orodha, au jipya zaidi, na usome maelezo yaliyo chini yake. Baadhi ya mbao hudai upite kwanza kwenye toleo la katikati kabla ya kufika la mwisho, na baadhi huonya kwamba toleo jipya litafuta uwezo wa kutambua prosesa za zamani sana au halitakuruhusu kurudi nyuma. Fungua faili lililobanwa, uliweke kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, zima kompyuta, iwashe tena huku ukibonyeza Delete au F2, na utafute chombo cha kusasishia: EZ Flash kwa ASUS, M-Flash kwa MSI, Q-Flash kwa Gigabyte, Instant Flash kwa ASRock.

Umeme ukikatika katikati ya zoezi hili, ubao unaweza kufa. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika kazi nzima, na katika miji yetu si hatari ya kufikirika. Tumia UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, hata ndogo, kwa kuwa zoezi lenyewe huchukua dakika chache tu. Kama huna, azima kwa jirani au peleka kompyuta mahali penye jenereta au umeme wa jua ulio imara. Usifanye wakati wa mvua ya radi wala saa ambazo mtaa wako umezoea kukatiwa. Zoezi likishaanza usiguse kitu mpaka kompyuta ijiwashe yenyewe. Ikikamilika, ingia tena katika BIOS uhakikishe namba ya toleo imebadilika, kisha iache Windows iwake na prosesa ya zamani angalau mara moja, ili ukipata tatizo baadaye ujue kwamba BIOS yenyewe ni nzima.

Kutoa prosesa ya zamani

Andaa bisibisi ya msalaba, kitambaa kisichotoa nyuzi au karatasi ya kuchujia kahawa, alkoholi ya isopropili, na pesti ya kupitisha joto. Alkoholi ikikosekana, spiriti safi isiyo na rangi wala mafuta hufaa. Meza iwe ya mbao, nawe usisimame juu ya zulia.

Iache kompyuta ifanye kazi nzito kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuizima. Sababu yake ni hii: pesti iliyokaa miaka kadhaa hukauka na kushika kama gundi, na kwenye AM4 prosesa hushikiliwa na soketi kwa nguvu ndogo, kiasi kwamba ukivuta kipoza joto moja kwa moja kwenda juu prosesa inaweza kung'oka pamoja nacho ilhali soketi bado imefungwa, na pini zikapinda. Pesti yenye joto hulainika. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Rudia kugusa hivyo kila unapotoka na kurudi.

Laza kasha kwa upande, ubao mama ukitazama juu. Chomoa waya wa feni palipoandikwa CPU_FAN. Ikiwa kipoza joto ni Wraith Stealth, legeza skrubu zake nne kwa zamu na kwa mshazari, mizunguko miwili mitatu kila moja. Skrubu hizo hushikana na bamba lililo nyuma ya ubao, na zikishatoka zote bamba hilo huachia na linaweza kudondoka. Lishikilie kwa mkono kupitia tundu la nyuma ya kasha, au libandike kwa utepe. Sasa zungusha kipoza joto taratibu kushoto na kulia mpaka usikie kimeachia, ndipo ukiinue. Kikikataa, usitumie nguvu za kuvuta; endelea kuzungusha, au pitisha uzi wa kusafishia meno kati yake na prosesa.

Futa pesti juu ya prosesa ingali ndani ya soketi, kwani ndipo ilipo salama zaidi. Kisha inua mkono mdogo wa chuma ulio pembeni ya soketi hadi usimame wima, shika prosesa kwa kingo zake, na uitoe juu kwa unyoofu. Iweke kwenye kifungashio cha plastiki ambacho ile mpya imetoka.

Kuweka mpya

Kona moja ya prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu, na kona moja ya soketi ina alama kama hiyo. Zilinganishe, kisha iachie prosesa ikae kwa uzito wake wenyewe. Haitakiwi kusukumwa hata kidogo. Ikiwa upande mmoja umeinuka, itoe na uchunguze pini. Iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza, isiyo na risasi ndani, au ukingo wa kadi ya benki, kwa subira, ikirudishwa kwenye mstari wa wenzake. Ikishakaa bapa pande zote nne, teremsha mkono wa soketi mpaka ujifunge.

Kipoza joto kipya cha AMD huja na pesti tayari, nacho hakihitaji nyongeza. Unachokirudishia kilichotumika kisafishe hadi chuma king'ae, kisha weka tone la pesti la ukubwa wa punje ya dengu katikati ya prosesa. Shinikizo la kipoza joto litalisambaza. Teremsha kipoza joto wima bila kukitelezesha, anza skrubu zote nne kwa mkono, halafu zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo, mpaka zigote. Rudisha waya wa feni. Watu husahau waya huu kuliko kitu kingine chochote.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Usifunge kasha kwanza. Washa na uwe mvumilivu, kwa kuwa ubao hupima RAM upya na unaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu, skrini ikiwa nyeusi kwa dakika kadhaa. Huenda ukaona ujumbe unaosema kwamba prosesa mpya imewekwa na kwamba taarifa za fTPM, yaani ile moduli ya TPM iliyo ndani ya prosesa, zimebadilika, ukikuuliza ubonyeze Y au N. Ukiwa na ufunguo wako wa kurejesha, au ukijua kwamba diski haikufungwa, bonyeza Y. Windows inaweza kukuomba uweke upya namba yako ya siri ya kuingilia, na hilo ni jambo la kawaida.

Ikiwa picha haiji kabisa baada ya dakika tano, zima, chomoa umeme, toa RAM na uirudishe kwa uthabiti, jaribu kipande kimoja pekee, kisha futa mipangilio ya BIOS kwa kutoa betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache. Yote yakishindikana, rudisha prosesa ya zamani. Ikiwaka, rudi kwenye namba ya BIOS na orodha ya mtengenezaji; isipowaka, tatizo liko kwenye RAM, nyaya au soketi.

Ndani ya BIOS hakikisha jina la prosesa ni sahihi, washa fTPM, na uwashe wasifu wa RAM unaoitwa XMP au DOCP, kwa sababu bila huo RAM hukimbia kwa kasi ndogo ya msingi. Ryzen 5 5600 inakubali rasmi RAM ya DDR4 hadi 3200. Vipande viwili vinavyofanana hufanya kazi vizuri kuliko kimoja chenye ujazo wa vyote.

Katika Windows, pakua viendeshi vya chipu za ubao kutoka tovuti ya AMD, kisha pima joto kwa programu ya HWiNFO huku Cinebench, programu inayoipa prosesa mzigo kamili, ikiendelea kwa dakika 10. Kwa Wraith Stealth katika chumba chenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 75 hadi 85 za Selsiasi chini ya mzigo kamili hazinitii wasiwasi. Ikifika 90 na kubaki hapo, kipoza joto hakijakaa sawasawa au kasha halipitishi hewa. Anayetaka kupunguza joto na matumizi ya umeme zaidi anaweza kuwasha Eco Mode, inayoishusha prosesa hadi kiwango cha wati 45. Kasi hupungua kidogo katika kazi nzito za muda mrefu, na katika kazi za ofisini tofauti haionekani.

Kwa wenye Dell na HP za ofisini

Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa kwetu ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk zenye prosesa za Intel, na kanuni ni zilezile isipokuwa mambo matatu. Pini ziko kwenye soketi ya ubao, nazo zisiguswe kwa kidole. Soketi ya LGA1151 imetumika kwa vizazi visivyoelewana: ubao wa kizazi cha 6 na cha 7, kama ule wa OptiPlex 7050, haupokei prosesa ya kizazi cha 8 ingawa inaonekana kutoshea, hivyo kikomo chake ni Core i7-7700, ambayo haimo kwenye orodha ya Windows 11. Mwenye kompyuta hiyo na anayelenga Windows 11 afadhali aiuze, aongeze fedha, na kununua OptiPlex 7060 yenye Core i3-8100, ambayo baadaye inaweza kuwekewa Core i7-8700 ya viini 6. Na zile kompyuta ndogo kabisa, zinazotumia adapta kama ya mpakato, hupokea prosesa za wati 35 zenye herufi T mwishoni mwa jina, isipokuwa mwongozo wa mtengenezaji useme vinginevyo.